Sandoa: Kabla ya kununua ruta nyingine, tafuta penye kukatika

Katika nyumba ya yaya yangu huko Sandoa kuna ruta tatu. Moja inafanya kazi. Mbili nyingine zimelala ndani ya kartoni chini ya kitanda, na hakuna hata moja kati yao iliyoharibika. Yaya ni mwalimu wa sekondari. Ruta ya kwanza aliagiza Kolwezi, ikaletwa na lori kwa barabara ya Kasaji. Ya pili aliuziwa na kijana mmoja aliyejiita fundi, ambaye alimwambia kwamba ile ya kwanza “imechoka”. Ya tatu ilinunuliwa kwa pesa za mbuzi. Lakini wifi ya nyumba ile iliendelea kukatika kila jioni, saa kumi na mbili na nusu hivi, sawasawa na ilivyokuwa ikikatika siku za ruta ya kwanza.

Nilipita juma moja kwake mwezi huu wa Septemba. Mimi ni mwandishi wa habari, si injinia. Vyombo tulivyokuwa navyo ni simu mbili, daftari la shule, na kipimo cha umeme tulichoazima kwa mtengenezaji wa redio sokoni. Usiku wa pili tulijua kwamba ugonjwa haukuwa mmoja. Yalikuwa magonjwa mawili yanayokuja saa ile ile, mmoja wa nyumbani na mwingine wa kampuni, na kila mmoja ulikuwa unauficha mwenzake.

Ndiyo maana leo tunaandika juu ya jambo ambalo kurasa za habari huwaachia mafundi. Wakaaji wa Sandoa, kama wale wa Kapanga, Dilolo na sehemu nyingine za Lualaba zilizo mbali na migodi, wanapoteza makuta mara mbili: mara ya kwanza wanaponunua vyombo wasivyovihitaji, mara ya pili wanapolipia intaneti ambayo haikufika. Hasara ya kwanza tunaweza kuizuia wenyewe, ndani ya lupango. Ya pili inawahusu wenye minara na serikali. Lakini hakuna atakayetusikiliza juu ya ile ya pili kama hatujaondoa ile ya kwanza, maana jibu la ofisini tunalijua wote: shida iko kwako, badilisha ruta.

Msomaji wa Lubumbashi au wa Goma anaweza kuuliza kama wifi ya nyumbani ni jambo la kuandikiwa tahariri. Sandoa, ni jambo. Tangu jimbo la Lualaba lilipozaliwa mwaka 2015, makao makuu yametoka Lubumbashi yakaja Kolwezi, lakini Kolwezi nayo iko mbali, na mvua ikianza barabara inageuka tope. Muuguzi anapaswa kutuma hesabu za wagonjwa kwa programu ya DHIS2, ile ambayo wizara ya afya inaitumia nchi nzima. Kijana aliyemaliza EXETAT anatafuta nafasi ya masomo Kolwezi au Lubumbashi, na fomu iko kwenye intaneti. Mama mwenye mtoto anayefanya kazi mgodini anataka kumwona uso, si kusikia sauti tu. Wakati rezo inapokatika, safari ya siku mbili au tatu ndiyo inayochukua nafasi yake.

Tuanze basi na njia yenyewe, maana asiyeijua njia hawezi kusema imekatika wapi. Intaneti inayofika kwenye simu yako sebuleni imepita vivuko vingi. Inatoka nje ya nchi kwa waya wa chini ya bahari au wa nchi kavu, inapita kwenye faiba hadi mji mkubwa, inafika kwenye mnara ulio karibu nawe. Mnara wa mji mdogo ulio mbali na faiba hupata intaneti yake kwa moja ya njia mbili: minara inayorushiana mawimbi kutoka kilima hadi kilima, ama satelaiti. Toka mnarani, mawimbi yanaingia kwenye ruta yako kupitia kadi ya SIM. Hapo ndipo wifi inapoanza. Wifi ni kile kipande cha mwisho tu, mita kumi au ishirini kutoka ruta hadi simu. Watu wengi husema “wifi imekatika” kwa ajali iliyotokea kilomita mia tatu kutoka nyumbani, au hata baharini. Tarehe 6 Agosti 2023 maporomoko ya udongo chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, yalikata waya mbili kubwa, WACS na SAT-3. Tarehe 14 Machi 2024 waya nyingine kadhaa, WACS ikiwa ndani yake, zilikatika mbele ya pwani ya Côte d'Ivoire, na nchi nyingi za Afrika zikayumba. Na kuna siku ambazo hakuna waya uliokatika: kutoka tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali iliamuru intaneti izimwe, na Kongo ikakaa karibu siku 20 bila hiyo. Shida za namna hiyo hakuna ruta inayoziponya.

Jaribio la kwanza halina gharama. Chukua simu, simama hatua moja mbele ya ruta, jaribu kufungua ukurasa. Kisha nenda chumba cha mwisho, jaribu tena. Kama mbele ya ruta mambo ni mazuri na chumbani ni mabaya, basi kosa liko kwenye wifi yenyewe, yaani kuta, mabati au mahali ruta ilipowekwa. Kama hata mbele ya ruta ni pabaya, acha kuhamisha meza na viti. Kosa liko kwenye umeme, kwenye mnara, au forfe imekwisha. (Hili la forfe linachekesha, lakini kwa yaya lilikuwa limetokea mara mbili: watoto walikuwa wameimaliza kwa video na kunyamaza kimya.)

Jaribio la pili linawasaidia hata wasiojua kitu cha kompyuta. Pindua ruta, chini yake kuna karatasi iliyobandikwa yenye namba inayoanza na 192.168. Andika namba hiyo kwenye simu, pale unapoandikaga anwani ya ukurasa. Ukurasa wa ruta ukifunguka haraka huku kurasa nyingine zote zinakataa, maana yake simu na ruta zinasikilizana vizuri, na shida iko ng'ambo, upande wa mnara. Ukurasa wa ruta nao ukikataa, shida iko ndani ya nyumba. Jambo hili dogo linaokoa makuta mengi kuliko ushauri wa mafundi watatu.

Ndani ya ukurasa huo kuna pia namba ambayo wengi hawajawahi kuiangalia: nguvu ya mawimbi ya mnara. Mara nyingi imeandikwa RSRP, na mbele yake kuna alama ya kutoa. Isome kama deni. Deni la 80 ni dogo, unaishi vizuri. Deni la 100 linaanza kukubana. Ukipita 110, hata ujumbe wa WhatsApp unasubiri. Yaya alipoweka ruta juu ya kabati la chuma, katikati ya nyumba, ilisoma -112. Tulipoiinua kwenye dirisha linaloelekea mnarani, ikasoma -97. Hatukununua kitu. Tulipoteza robo saa ya kuzunguka nyumba na waya mkononi, na jirani akituuliza tunatafuta nini ukutani.

Nyumba zetu zina tabia zake. Tofali la kuchoma likiwa nene linakula mawimbi. Bati linayarudisha yalikotoka. Maji yanayanywa, kwa hiyo pipa la maji kati ya ruta na chumba cha kulala ni ukuta mwingine. Ruta ikae juu, mahali peupe, si ndani ya sanduku la chuma ambamo tunaifungia kwa kuogopa wezi. Isikae pia juu kabisa chini ya bati mchana wa jua kali, maana joto linaichosha. Ruta nyingi za siku hizi zinatoa mawimbi ya namna mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 ni ya polepole lakini inafika mbali, hata nje kwenye mahali pa kupikia. Ya 5 ni ya haraka lakini inachoka ikikutana na ukuta wa pili. Mtu anayefanya kazi karibu na ruta atumie 5. Anayekaa chini ya muembe atumie 2.4. Kule Kolwezi, kwenye mitaa iliyobanana ya Manika na Dilala, kuna shida ya ziada: ruta za majirani zinasema kwa pamoja kwenye chaneli moja, na inafaa kuhamia chaneli 1, 6 au 11, ile iliyo tupu zaidi. Kwa nyumba nyingi za Sandoa hilo si tatizo. Jirani mwenye ruta yuko mbali.

Sasa tuje kwenye umeme, maana huko ndiko tulikokuta ugonjwa wa kwanza wa yaya, na ninaamini ni ugonjwa wa nyumba nyingi zinazoishi kwa pano za jua. Lualaba ni jimbo la ajabu kwa jambo hili. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu na Kolwezi, na tangu mwaka 1982 waya mkubwa unaleta umeme wa Inga, karibu kilomita 1,700, hadi Kolwezi kwa ajili ya migodi. Lakini mwalimu wa Sandoa anahesabu umeme wake kwa betri moja na pano mbili juu ya bati.

Kila jioni taa zote za ruta ya yaya zilikuwa zinazimika kwa mara moja, kisha zinawaka moja moja, dakika mbili hivi, halafu intaneti inarudi. Baada ya muda, tena. Watu wa nyumbani waliona intaneti ikikatika, hawakuwa wanaangalia taa. Ruta inayopoteza mnara haizimi taa zote. Taa ya umeme inabaki inawaka. Ruta inayozima taa zote na kuanza upya imekosa chakula. Chini yake imeandikwa inataka volti 12 na ampea 1. Tulipima kwenye ncha ya waya, pale unapoingia ndani ya ruta. Televisheni ikiwa imezimwa: 12.4. Watoto walipowasha televisheni na taa za vyumba: 10.9. Ruta ilikuwa inaanguka kwa njaa kila wakati nyumba ilipoanza kuishi.

Betri yenyewe haikuwa mbaya sana. Mwenye kosa alikuwa waya. Mtu aliyeweka pano alivuta waya mwembamba kutoka nyumba ndogo ya nyuma, ambako betri inakaa, hadi sebuleni, na juu ya waya huo huo akaunga televisheni, taa, chaja za simu na ruta. Kwenye umeme wa volti 220 waya wa namna hiyo ungevumilia. Kwenye volti 12, kila mita ya waya mwembamba inakula sehemu kubwa ya kidogo ulicho nacho, na inakula zaidi kila unapoongeza chombo. Tulinunua waya mnene sokoni, tukaupitisha njia fupi, tukaupa ruta peke yake. Usiku ule televisheni iliwaka mpaka mwisho wa habari na ruta haikuzimika hata mara moja. Gharama haikufika robo ya bei ya ruta ya tatu.

Ninaongeza onyo moja, kwa sababu niliona watu wakifanya kinyume. Usichomeke ruta moja kwa moja kwenye betri inayochajiwa na pano bila kifaa cha kurekebisha umeme. Mchana jua likiwa kali, betri inaweza kupanda hadi volti 14 na zaidi. Kuna ruta zinazovumilia, na kuna zinazoungua.

Basi, ugonjwa wa kwanza ukapona, na ndipo wa pili ulipoonekana wazi. Taa hazikuzimika tena, nguvu ya mawimbi ilibaki -97, lakini kuanzia saa moja ya jioni hadi saa nne ya usiku ukurasa mmoja ulikuwa unachukua dakika nzima. Saa kumi na moja ya asubuhi, kwa ruta ile ile, dirisha lile lile, ukurasa ule ule ulifunguka ndani ya sekunde tatu. Hapo hakuna la kufanya ndani ya nyumba. Mnara unasikika vizuri, ila watu ni wengi kuliko njia yake ya kutokea. Ni kama mlango mmoja wa kanisa siku ya Krismasi. Siku mbili katika juma lile mnara ulinyamaza kabisa, moja kutoka asubuhi hadi saa tisa ya mchana, na forfe ya siku moja ambayo yaya alikuwa amelipia ikaisha muda wake huku hajatumia hata mega moja. Aliponunua nyingine jioni, ikatembea kwa mwendo wa kinyonga.

Hapa ndipo tunapowageukia wenye minara, wote, bila kuchagua mmoja. Forfe inauzwa kwa saa: saa 24, siku 7, siku 30. Kama mnara wa mji mzima umezimika saa nane, kwa nini saa ya mteja iendelee kutembea? Mwenye duka la sukari akikupa mfuko mtupu, hawezi kusema muda wako wa kula umepita. Kampuni inajua vizuri kuliko mtu yeyote ni saa ngapi mnara wake ulilala. Hesabu hiyo iko kwenye kompyuta zake. Kurudisha saa hizo kwa wateja wa mnara huo si kazi ya miujiza. Na kama hiyo ni nzito, basi la pili ni jepesi: ujumbe mmoja wa simu, au neno moja kwenye redio ya mji, kwa Kiswahili, kwa Uruund, kwa Kichokwe, kusema “mnara una shida, tunatengeneza, utarudi kesho”. Neno hilo lingezuia ruta ngapi kuuzwa bure?

Tunajua pia upande wao. Mnara wa mji mdogo unataka jua, betri, mafuta ya jenereta, na fundi anayeweza kufika wakati barabara imekatika. Ni gharama ambazo mtu wa mjini hazioni. Mwaka 2025 Orange na Vodacom zilitangaza kwamba zitaungana kujenga hadi minara 2,000 ya nguvu za jua kwenye vijiji vya Kongo, kwa muda wa miaka 6. Ni habari njema, na tunangoja kuona mingapi itasimama magharibi ya Lualaba. Lakini mnara mpya ukiwa na njia nyembamba ya kutokea utajaa kama ule wa zamani.

Wenye uwezo kidogo wameanza kutazama juu. Machi 2024 ARPTC, mamlaka inayosimamia posta na mawasiliano, ilikuwa imetangaza kwamba kutumia Starlink nchini ni kinyume cha sheria. Mei 2025 ikaipa ruhusa. Kwa mji kama Sandoa hilo si jambo dogo, kwa sababu sahani inaruka mnara na faiba yote, inasema moja kwa moja na satelaiti zinazopita kilomita 550 hivi juu yetu. Zile satelaiti za zamani ziko karibu kilomita 36,000, ndiyo maana kwenye zile ukisema “allo” unangoja. Lakini sahani mpya haiondoi shida zote, inabadilisha namna zake tu. Satelaiti hizo hazisimami, zinapita, na sahani inaruka kutoka moja hadi nyingine. Tawi moja la muembe likiziba kipande cha anga, utakatikiwa sekunde chache, kisha tena baada ya dakika kadhaa, na utafikiri ni wifi. Kabla ya kuchukua panga, inua mlingoti. Muembe unalisha watoto. Halafu kuna umeme: sahani ya kawaida inakula wati makumi kadhaa muda wote inapowaka, mara nyingi kuliko ruta ya SIM. Anayeunga sahani kwenye betri iliyokuwa inashindwa na ruta na televisheni amenunua giza kwa bei kubwa. Na tena, wifi ya ndani ni ile ile, kuta ni zile zile.

Kuna pia wale tunaokula nao sahani moja bila kujua. Kwenye ukurasa wa ruta utakuta orodha ya simu zilizounganishwa. Kwa yaya tulihesabu kumi na moja. Nyumba ina simu nne. Neno la siri lilikuwa limetembea kutoka kwa mtoto hadi kwa rafiki, kutoka kwa rafiki hadi kwa kaka yake. Hatusemi watu wawe wachoyo, kwetu jirani ni jirani. Lakini simu kumi na moja zinazojisasisha zenyewe usiku, zikipandisha picha na kushusha video za WhatsApp bila kuulizwa, zinamaliza forfe ya mwezi ndani ya juma. Badilisha neno la siri, zima kujisasisha na kushusha kwenyewe, kisha umkaribishe unayetaka kumkaribisha. Yaya alibadilisha. Kesho yake asubuhi vijana watatu walikuja kumsalimia kwa heshima ambayo haijapata kuonekana.

Tukirudi kwenye daftari. Ndani yake tuliandika, siku saba, mara nne kwa siku, mambo manne tu: saa, nguvu ya mawimbi kama ruta inavyoisoma, taa za ruta kama zilizimika au la, na muda wa kufungua ukurasa mmoja uleule. Anayeweza kutumia programu ya kupima aongeze hesabu ya pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi: kwanza kwa ruta yenyewe, kisha kwa anwani ya nje kama 8.8.8.8. Ya kwanza ikiwa imetulia kwenye milisekunde chache na ya pili inapotea, umeshapata ushahidi kwamba nyumba yako haina kosa. Karatasi hiyo ni tofauti na malalamiko ya barazani. Mtu wa ofisini hawezi kuijibu kwa kukuuzia ruta.

Na karatasi hiyo ina mahali pa kwenda. ARPTC iliundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 imeendelea kuiachia kazi ya kusimamia makampuni. Tunaiomba ifanye jambo ambalo ofisi ya Kinshasa au ya Lubumbashi haiwezi kulifanya kwa kukaa mezani: ije kupima Sandoa, saa mbili ya usiku, si saa nne ya asubuhi. Ipime Kapanga na Dilolo pia. Kisha itangaze matokeo kwa mji mmoja mmoja, maana wastani wa jimbo lote unamwonyesha mtu wa Sandoa rezo ya Kolwezi.

Msimamizi wa teritware anaweza kusaidia pia bila kungoja bajeti. Daftari moja ofisini kwake, ambamo shule, zahanati, parokia na wafanyabiashara wanaandika siku na saa ambazo mnara ulinyamaza, lina uzito kuliko barua hamsini za hasira. Watu wa Kongo hawakunyamaza juu ya kodi ya RAM, ile iliyoanza mwaka 2020 kukata inite kwenye simu zetu. Walipiga kelele bungeni, redioni na barabarani, na mwaka 2022 ikaondolewa. Wakati ule kila mtu alikuwa na ushahidi mkononi, kwa sababu aliona inite zake zikipungua. Mnara uliolala hauachi alama kwenye simu. Alama hiyo lazima tuiandike wenyewe.

Yaya anaendelea kuandika. Ruta mbili za chini ya kitanda ameamua kuziuza, akiwa ameshazijaribu mbele ya mnunuzi, na kumwambia ukweli kwamba ni nzima. Kabla sijaondoka tulifanya kazi moja ya mwisho, ambayo inawahusu wote wenye antena au sahani juu ya nyumba, maana mvua za Oktoba ziko karibu: tulishusha waya wa chuma kutoka mlingotini hadi ardhini, kwenye udongo wenye unyevu, kwa ajili ya radi. Hata hivyo, waya huo hautoshi. Ukiona mvua ya radi inakuja, kabla ngurumo hazijaanza, chomoa ruta kwenye umeme, chomoa na waya wa antena, ungoje mvua ipite.